Kufufua Injini ya Pikipiki ya Zamani Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wa Nakuru, Kisumu na upande wote wa magharibi wenye pikipiki ya zamani iliyolala stoo: Honda CG110 na CG125, Honda XL, Yamaha AG100 na DT, Suzuki za miaka ya sabini na themanini, na mara mojamoja BSA ya enzi za ukoloni. Ni mashine zilizobeba maafisa wa kilimo, wa mifugo na walimu kwenye tope na vumbi, na chuma chake bado kina maisha. Kinachoziua nyingi siku hizi ni haraka ya kununua spea kabla ya kupima.

Marehemu babu aliacha Honda CG125 na haijawashwa kwa miaka mingi. Nianzie wapi?

Usipige kiki. Ringi zimekauka, ukuta wa silinda huenda una kutu, na kiki moja ya nguvu inaweza kuuchora mistari ambayo itabidi uilipie kwa fundi wa lezi, mashine ya kuchonga chuma. Chomoa plagi, mimina vijiko viwili vya oili nyepesi kwenye tundu lake, iache ilale usiku kucha. Kesho yake weka gia ya juu kabisa na usukume gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono, mbele na nyuma. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na uitazame. Maji ndani yake, rangi ya maziwa, au chembe zinazometameta zinakuambia habari kabla hujafungua nati hata moja.

Halafu piga picha kwa simu. Kila waya, kila paipu, kila boliti mahali pake. Boliti za kifuniko cha kluchi hazilingani urefu, na ndefu ikiingia tundu la fupi huvunja aluminiamu. Mafundi wa zamani huchora umbo la kifuniko kwenye boksi la karatasi na kuchomeka kila boliti mahali pake kwenye mchoro. Sijaona njia bora kuliko hiyo.

Imekwama kabisa, gurudumu halisogei. Nifanye nini?

Subira. Jaza silinda kupitia tundu la plagi kwa mchanganyiko wa oili ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, au dizeli ukikosa asetoni. Funika tundu na uache siku kadhaa ukiongeza kidogo kidogo. Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo fanyia nje, mbali na jiko. Jaribu gurudumu tena. Ikikataa, fungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda), weka kipande cha mti laini juu ya pistoni na ukigonge polepole. Nyundo ya chuma moja kwa moja kwenye pistoni hutoboa pistoni au kupinda konrodi, mkono unaobeba pistoni. Mtu akikuambia avute pikipiki kwa gari ili injini "ijifungue", mshukuru na ukatae.

Ninahitaji vifaa gani? Gereji ya nyumbani ni meza tu uani.

Meza inatosha, ikiwa imara na ipo mahali ambapo upepo hauleti vumbi. Spana na soketi za Honda, Yamaha na Suzuki za zamani ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Baadhi ya seti madukani zina 13 lakini hazina 12 wala 14. Hakikisha kabla ya kulipa. BSA na Triumph za wakati huo hazitumii milimita kabisa, na spana ya milimita ikilazimishwa inakula kona za nati.

Skrubu za Kijapani zinataka maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo injini nyingi zinapoharibikia. Msalaba wake hukatwa kwa kipimo cha JIS, kiwango cha Kijapani, tofauti kidogo na ule wa bisibisi ya kawaida. Bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuchubua kichwa. Tafuta ncha ya JIS, na ununue bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ile inayozunguka inapopigwa. Kila skrubu ya kifuniko igongwe kwanza, ndipo ifunguliwe.

Zaidi ya hapo, nunua fila (vipande vyembamba vya kupimia mianya), kaliba ya milimita na pula ya magneto, kifaa cha kuivuta magneto itoke. Pula ya CG inapatikana karibu kila duka la spea za boda. Usiazime patasi ukapige magneto.

Nitajuaje kama lazima nifungue injini yote?

Pima mgandamizo kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi, ukiwa umefungua slaidi ya kabureta hadi mwisho. Hapa watu wetu hudanganywa na vitabu. Namba za kiwandani zimepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu, na hewa ina kanieneo pungufu kwa takriban asilimia 20. Kisumu, mita 1,130 hivi, ni pungufu kwa asilimia 13. Kwa hiyo injini ambayo kitabu kinasema itoe kilo 12 kwa sentimita ya mraba ni nzima kabisa ikitoa 9.6 Nakuru au 10.4 Kisumu. Nimeona silinda nzuri ikichongwa bure kwa sababu fundi alisoma kitabu na hakufikiria mwinuko.

Namba ikiwa chini hata baada ya hesabu hiyo, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda na upime tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, tazama vali na gasketi ya hedi.

Nikishafungua, nipime nini?

Kila kitu kinachosugua kingine. Ikiwa huna mikromita, beba bloku (chuma chenye silinda) na pistoni kwa fundi wa lezi na uombe kupimiwa. Kupima ni nafuu kuliko kuchonga.

Silinda ya CG125 ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha milimita 56.5. Pima juu, katikati na chini, kisha uzungushe robo na upime tena, maana silinda hulika kwa umbo la yai, upande wa mbele na nyuma, hasa karibu na juu ringi zinapogeukia. Ukucha ukikwama kwenye ukingo pale juu, ulaji ni mkubwa.

Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha kwa fila. Kwa silinda ndogo kama hizi, ringi mpya huwa kati ya 0.15 na 0.35 mm. Mwanya ukifika nusu milimita, ringi imemaliza kazi yake. Kama silinda yenyewe bado iko kwenye kipimo, ringi mpya na msasa wa msalaba ukutani vinatosha. Huna haja ya pistoni mpya.

Shika konrodi uivute juu na chini. Kucheza kushoto na kulia kidogo ni kawaida, lakini ukisikia mchezo wowote wa juu na chini, beringi yake kubwa imekwisha.

Andika namba zote kwenye daftari. Baada ya hapo ndipo uende dukani.

Spea za boda zitaingia kwenye Honda yangu ya zamani?

Nyingi zitaingia. CG125 ilitolewa na Honda mwaka 1976 ikilenga nchi ambazo pikipiki hufanyishwa kazi ngumu na huduma ni chache, na ndiyo sababu ina pushirodi (fimbo zinazosukuma vali) na gia badala ya chaini ya kamshafti, mhimili unaofungua vali. Viwanda vya China vilinakili muundo huo, na boda nyingi zinazopita Kondele au Kaptembwo zina injini ya ukoo wa CG. Gasketi, ringi, sahani za kluchi, vali na pistoni vinapatikana mpaka kwenye vituo vidogo vya soko.

Lakini "ukoo mmoja" haimaanishi "sawa". Kuna injini za 150 na 200 zenye sura ileile kwa nje. Beba spea ya zamani dukani, ilinganishe na mpya kwa kaliba: kipenyo cha pistoni, pini yake, urefu kutoka pini hadi juu, unene wa gasketi. Na usitupe cha zamani mpaka pikipiki itembee. Gia, kamshafti na roka (mikono inayobonyeza vali) za Kijapani zilizo ndani ya kipimo ziache zilivyo. Mara nyingi chuma kile cha zamani ni kigumu kuliko unachouziwa leo, na injini iliyobadilishwa kila kitu hugeuka boda nyingine yenye jina la Honda tankini.

Kwa AG100 na DT kazi ni ngumu zaidi. Uliza kwa mafundi wa zamani katika miji ya mashamba kama Njoro, Molo, Kitale na Moi's Bridge, kwani ndiko zilikofanya kazi, na ndiko injini za kutolea spea zimebaki nyuma ya karakana.

Silinda imelika. Nichonge wapi na kwa kipimo gani?

Nakuru na Eldoret zina mafundi wazuri wa lezi, kwa kuwa matrekta na mashine za kuvuna ngano huwapa kazi mwaka mzima. Kisumu waulizie mafundi wa jua kali karibu na Kibuye. Pistoni za kuongeza ukubwa huja kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm. Nunua pistoni kwanza, mpelekee fundi pamoja na bloku, achonge kwa kuifuata pistoni ile iliyo mkononi mwake. Anayechonga kwanza halafu akakutuma utafute pistoni amekugeuzia kazi. Chonga kidogo iwezekanavyo. Kila hatua uliyoiruka ni maisha ya bloku uliyoyatupa. Bloku iliyofika mwisho bado inaweza kuwekewa silivu mpya, yaani ukuta mpya wa ndani.

Naweza kutengeneza kranki mwenyewe?

Hapana. Kranki, mhimili unaozungushwa na konrodi, kwenye pikipiki hizi imeunganishwa kwa kushindiliwa, na kuitenganisha kunataka presi ya haidroliki, kisha kuinyoosha kati ya ncha mbili kwa geji ya saa. Ikipinda kidogo tu, injini itatetemeka na kuua beringi zake. Mlipe anayeijua. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kutoa beringi kuu kwenye kasha la injini: pasha kasha moto sawasawa mpaka tone la maji lichemke juu yake, na beringi itadondoka yenyewe au kwa kugongwa kidogo. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ya kuingiza ilaze kwenye friza usiku mzima.

Na vali je?

Kwenye CG kamshafti iko chini, kwa hiyo unaweza kutoa hedi bila kuvuruga taimingi, yaani mpangilio wa kufunguka kwa vali. Honda XL ina chaini, basi weka alama zote kabla ya kugusa. Saga vali kwa pasti mpaka uone mduara wa kijivu usiokatika kwenye vali na kwenye kiti chake. Osha pasti yote. Kisha funga vali na springi zake, mimina petroli kwenye njia ya hewa na utazame kama inavuja. Mwanya wa tapeti za CG125 huwekwa 0.08 mm, injini ikiwa baridi, zote mbili. Pushirodi zitandaze mezani. Isiyobingirika vizuri imepinda.

Nisafishe kwa kitu gani? Mama yangu anasema magadi hung'oa kila kitu.

Mama amesema kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Magadi, na zaidi kostiki soda, hula aluminiamu. Ukichemsha hedi ndani yake itatoka nyeusi na yenye vishimo. Kwa injini tumia mafuta ya taa au dizeli, brashi ya nailoni, kisha maji moto na sabuni, ukaushe kwa hewa. Petroli ya kuoshea imechoma watu wengi, iache.

Magadi yana kazi yake kwenye tanki la chuma lenye kutu, kwa kuwa kutu hiyo huishia kwenye kabureta. Yeyusha magadi kwenye maji, jaza tanki, ning'iniza fimbo ya chuma cha kawaida isiyogusa ukuta, unganisha hasi ya chaja ya betri kwenye tanki na chanya kwenye fimbo. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa sumu. Fanyia nje, mbali na moto, maana hewa inayotoka hulipuka.

Mchanga wa kupiga kwa presha usiukaribie kabisa. Chembe hujificha kwenye njia za oili, hutoka injini ikipata joto, na kazi yako yote inasagwa ndani ya wiki moja. Injini iliyofifia rangi lakini safi ndani ni ya kujivunia.

Yamaha yangu ni ya kuchanganya oili na petroli. Ina tofauti gani?

Haina vali za kusaga, lakini ina sili mbili za kranki ambazo zikikauka huvuta hewa. Hewa ya ziada hufanya mchanganyiko uwe na petroli kidogo, pistoni hupata joto kali na kunata ndani ya silinda. Kwa injini iliyolala miaka, badilisha sili hizo bila mjadala, hata kama zinaonekana nzima. Hapa sheria yangu ya kupima kwanza haifanyi kazi, kwa sababu mpira uliokufa huwezi kuuona kwa macho.

Yamaha ilianza kutumia pampu yake ya oili, Autolube, mwaka 1964, na AG100 na DT zinayo. Usiiamini mara ya kwanza. Toa hewa kwenye paipu zake, na kwa tanki la kwanza changanya pia oili kwenye petroli, mililita 25 kwa lita. Oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, utaipata kwenye maduka ya misumeno ya mashine. Pistoni ina mshale juu yake, uelekee ekzosi.

Kabureta inamwaga petroli, na injini inatoa moshi mweusi ikipanda mlima.

Kumwaga ni sindano ya bakuli na kiti chake, au boya lililotoboka. Litikise sikioni, likiwa na petroli ndani utasikia. Jeti zizibue kwa hewa au kwa mshipi wa kuvulia samaki, kamwe usitumie waya wa chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo jeti si ile tena.

Moshi mweusi mlimani una maelezo rahisi: hewa ni nyepesi, petroli ni ileile. Pikipiki inayokwenda vizuri Kisumu italalamika ikifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Shusha sindano ya slaidi kwa kupandisha klipu ngazi moja, na kama unaishi huko juu, punguza jeti kuu saizi moja. Anza na skrubu ya hewa ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu. Baada ya safari, plagi ya rangi ya kahawia hafifu inasema umepata.

Usisahau filta. Vumbi la Nakuru ni udongo wa majivu ya volkano na linasaga kama msasa. Filta iliyochanika hukurudisha kwa fundi wa lezi mapema.

Niondoe pointi niweke mfumo wa kielektroniki?

Kama unaifufua, acha pointi, ile swichi ndogo inayoongoza cheche ya plagi, zibaki mahali pake. Safisha nyuso zake, weka mwanya kati ya 0.3 na 0.4 mm, badilisha kondensa ukiona cheche nyingi kwenye pointi na chache kwenye plagi. Mwanya wa plagi ni 0.6 hadi 0.7 mm.

Nini nisikose wakati wa kuunganisha?

Ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa safi kabla ya kuweka klipu za pini ya pistoni, na klipu ziwe mpya siku zote. Alama kwenye ringi itazame juu, mianya iachane theluthi ya mduara kwa injini za vali. Kwa Yamaha, mianya ikae kwenye vijiti vyake. Pistoni ya Honda iliyoandikwa IN, maandishi hayo yaelekee upande wa kabureta. Paka oili kila kinachosugua. Silikoni usiipake kama siagi: inayobanwa ndani hukatika, huelea, na kuziba chujio cha oili. Gasketi ya karatasi iliyokatwa vizuri inatosha.

Nati za hedi kaza kwa msalaba, kwa awamu. Kabla ya kuwasha, plagi ikiwa nje na waya wake umegusishwa chuma, piga kiki taratibu mpaka oili ionekane kwenye roka.

Petroli ya leo, isiyo na risasi, haitaharibu vali?

Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi kufikia 2006, na Honda hizi zimeendelea kutembea bila shida. Ogopa zaidi petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nunua kwenye kituo kinachouza sana, usinunue ya chupa kando ya barabara.

Oili gani, na niendesheje mwanzoni?

Oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Kluchi ya mashine hizi inaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Ikiwaka, usiiache inguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Ringi hukaa kwa kubebeshwa mzigo kidogo na kuachiwa. Nakuru, barabara za ndani upande wa Rongai zinafaa. Kisumu, zunguka tambarare za Ahero, na mlima wa Riat uungojee. Mwaga oili ya kwanza mapema, kabla ya kilomita 100, kisha endelea kwa upole hadi 500.

Imewaka lakini inagonga, au inatoa moshi wa samawati.

Mlio mwepesi wa tiki-tiki juu ni tapeti. Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka ukiibebesha mzigo ni konrodi. Zima mara moja. Moshi wa samawati katika dakika za kwanza ni oili uliyopaka. Ukidumu baada ya kilomita 200 hivi, ringi hazijakaa au moja imewekwa juu chini. Moshi unaotokea tu unapoachia mafuta ukishuka mlima huonyesha miongozo ya vali imelika.

Karatasi zake?

Kabla ya kutumia shilingi hata moja, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za logbuku. Pikipiki ya urithi ibadilishwe jina kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ukibadilisha kasha lenye namba ya injini, wajulishe pia.

Oili chafu nimwage wapi?

Usiimwage mtaroni. Maji ya mvua ya mji wa Nakuru huteremka hadi ziwani, na ya Kisumu vivyo hivyo. Ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko na uipeleke gereji kubwa inayouza oili yake chafu kwa wakusanyaji. Dizeli ya kuoshea nayo iache itulie, uchuje ile safi ya juu uitumie tena, na mashapo yake yafuate oili.